Mashimo meusi mawili si lazima yawe jozi

Kila picha ya 3C 75, chanzo cha mawimbi ya redio angani, inaposambaa, maelezo yake huwa yaleyale: "jozi ya mashimo meusi makubwa". Picha yenyewe ni ya kweli na inapendeza. Inaonyesha viini viwili, yaani vitovu vyenye mashimo hayo, ndani ya kundi la galaksi la Abell 400, umbali wa miaka ya nuru karibu milioni 300, kila kimoja kikirusha mikondo ya chembe inayong'aa kwa mawimbi ya redio. Kuiita jozi ndiko kunakopotosha.

Maana kwa ufupi: galaksi kubwa huwa na shimo jeusi katikati, kitu chenye mvutano usioruhusu hata nuru kutoka, lenye uzito wa Jua mara mamilioni hadi mabilioni. Galaksi mbili zikiungana, inabaki moja yenye mashimo mawili. Yanakuwa jozi pale yanapozungukana yakishikwa na mvutano wa yenyewe kwa yenyewe.

Hilo la "yenyewe kwa yenyewe" ndilo linalorukwa. Viini vya 3C 75 vimeachana kwa miaka ya nuru takriban 25,000. Nafasi hiyo imejaa nyota ambazo uzito wake kwa jumla unayazidi mashimo kwa mbali, na mvutano wa nyota hizo ndio unaotawala mwendo wa mashimo hayo. Yanasafiri pamoja ndani ya kundi, sawa, lakini abiria wawili wa basi moja hawajawa mke na mume. Hata katika galaksi ya NGC 6240, ambako darubini ya eksirei ya Chandra ilionyesha mashimo mawili mwaka 2002, bado yametenganishwa na miaka ya nuru kama 3,000.

Tofauti hii si ya kubishania maneno. Safari ya mashimo kutoka umbali kama huo hadi kuwa jozi ndiyo wanasayansi wanayoitafuta. Mwaka 1980 wanasayansi wa anga Begelman, Blandford na Rees waliieleza hatua kwa hatua. Kwanza mashimo yanazama kuelekea katikati ya galaksi, mwendo wake ukipunguzwa na nyota yanazopita. Kisha yanashikana na kuanza kuzirusha nyota za jirani, kila nyota ikiondoka na sehemu ya nishati ya mzunguko. Mwishoni mawimbi ya mvutano, yanayobeba nishati ya mzunguko kwenda nje, yanamalizia kazi hadi mashimo yaungane. Shida iko kabla ya hatua hiyo ya mwisho: nyota za kurushwa zinaweza kuisha, mashimo yakakwama yakiwa yameachana kwa kama miaka mitatu ya nuru. Je, huwa yanakwama kweli? Anayeita kila mashimo mawili jozi amelifuta swali hilo kabla halijaulizwa.

Jozi iliyo na ushahidi mzuri zaidi wa redio ni ya galaksi 0402+379, umbali wa miaka ya nuru kama milioni 750. VLBA, antena 10 zilizotawanywa kuanzia Hawaii hadi St. Croix na kufanya kazi kama darubini moja, ilionyesha viini viwili vilivyoachana kwa miaka ya nuru 24 tu. Mwaka 2017, baada ya kulinganisha picha za miaka 12, watafiti walitangaza kuwa kimoja kinaonekana kusogea. Mzunguko mmoja huchukua kama miaka 30,000.

Kwa galaksi za mbali zaidi, viini vilivyokaribiana hivyo havitenganishiki hata kwa VLBA, kwa hiyo hutafutwa dalili: mikondo iliyopinda kama herufi S, au mng'ao wa redio unaopanda na kushuka kwa mpangilio, kama wa kiini cha galaksi ya mbali kiitwacho PKS 2131-021. Dalili nzuri, ila mikondo inaweza kupinda kwa sababu nyingine pia. Na yale mawingu mawili ya redio pande mbili za galaksi ya Cygnus A yasimdanganye mtu. Shimo moja linatosha kurusha mikondo miwili.

Basi chini ya picha ya 3C 75 andika "mashimo meusi mawili katika galaksi moja". Kwa PKS 2131-021, "huenda ni jozi". Ukiifikia 0402+379, hapo andika jozi.