Ubongo hauumii mara moja tu

Bodaboda ikianguka pale Mlima Nyoka, Mbeya, utasikia: "Kilichoumia kimeshaumia, mpakieni kwenye bajaji." Sivyo. Pigo huua baadhi ya seli papo hapo; nyingine hufa baadaye, kwa saa, siku, hata wiki. Seli zilizopasuka humwaga glutamati (kemikali ambayo seli za ubongo hutumia kupashana ujumbe), madini ya kalisi hufurika ndani ya seli jirani, nazo zinaanza kufa. Chembe nyeupe za damu huingia, na ubongo huvimba ndani ya fuvu lisilotanuka. Uti wa mgongo nao ni hivyohivyo.

Basi achomwe steroidi kukausha uvimbe? Ndivyo wengi walivyoamini, madaktari wakiwamo, hadi utafiti wa CRASH wa 2004: kati ya majeruhi 10,008 wa kichwa, waliopewa dawa hiyo walikufa zaidi. Seli zilizobaki zinahitaji oksijeni, presha ya damu isiyoachwa kushuka mno, na shingo isiyopindwa wakati wa kubebwa.