Mzazi, usiondoke kabla ya "mapato na matumizi"

Mkutano wa wazazi wa shule ya msingi umeitishwa saa tatu, unaanza saa nne na nusu chini ya mwembe. Taaluma, utoro, kisha taarifa ya mapato na matumizi inasomwa haraka haraka na kupitishwa: "Wanaoafiki?" "Ndiyooo!" Dakika tano. Halafu inakuja ajenda ya chakula, na hapo mkutano unachemka mpaka adhuhuri. Mzee mmoja wa safu ya nyuma lazima asimame aulize: "Serikali si inaleta hela? Debe la mahindi la nini tena?"

Katika kazi yangu ya kuzijengea uwezo kamati za shule nimelisikia swali hilo mara nyingi. Ni swali zuri, ila jibu lake limeshapita, kwenye ile taarifa ya dakika tano.

Tupige hesabu. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa msingi imepangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka: 4,000 za vitabu zinabaki serikali kuu, 6,000 zinaingia kwenye akaunti ya shule. Ni shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Shule ya watoto 600 inapata 300,000 kwa mwezi, na humo zitoke chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjwa na ukarabati mdogo mdogo. (Zile 200,000 za posho ya madaraka ya mwalimu mkuu ni fungu jingine, tusizichanganye.) Uji hauwezi kutoka humo. Chakula cha shuleni kimebaki jukumu la mzazi.

Mkishakubaliana kuchangia, kuna mipaka. Mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi wake hajatoa. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango shuleni. Ikafafanuliwa kwamba anayetaka kuchangia kwa hiari hazuiwi, ila asimkabidhi mwalimu fedha. Kwa hiyo muhtasari uandike nani anapokea mahindi, nani ana ufunguo wa stoo, na wasiojiweza watabebwaje. Mihutasari mingi huishia "wazazi waliafiki", na hiyo haimsaidii mtu siku gunia likipungua.

Suala la pili huwa darasa au choo. Wengi huchagua darasa kwa kuwa linaonekana kutoka barabarani. Mimi ningewaomba kwanza mzunguke nyuma ya majengo mkahesabu milango. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Shule yetu ya watoto 600, nusu kwa nusu, inahitaji matundu 27: 15 ya wasichana, 12 ya wavulana. Mkikuta manane, ajenda imeshajipanga yenyewe.

Kamati ya shule imewekwa na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, na wawakilishi wa wazazi waliomo humo mmewachagua ninyi. Waombeni taarifa ya fedha ibandikwe kwenye ubao wa matangazo siku chache kabla ya mkutano. Siku yenyewe anzeni na mstari wa juu kabisa: salio la robo iliyopita lilikuwa kiasi gani, na je, ndilo lililoandikwa hapa kama salio anzia?