Kifua Kukoroma Si Nimonia: Mvue Nguo, Hesabu Pumzi

"Daktari, huyu ana nimonia. Hebu shika mgongo usikie." Haya, nimeshika. Mgongo unatetema kweli, na mwenye mgongo anacheka, ananyonya vizuri, anang'ang'ania kamba ya kipima kifua. Hizo ni kamasi. Nimelisema hili mpaka midomo imekauka, sasa naliandika, mtumiane kwenye simu.

Mtoto mdogo hajui kupenga wala kutema kohozi. Kamasi zinashuka kooni, zinakaa kwenye njia kubwa za hewa, na kila pumzi ikipita zinatetema. Kifua chenyewe ni chembamba na mbavu ni laini, basi mtetemo wa kooni mtu anausikia hadi mgongoni. Nimonia makao yake ni chini kabisa, kwenye vifuko vidogo vya mapafu, vikijaa usaha na majimaji. Huko kelele inaweza isiwepo kabisa. Mtoto wa nimonia kali huweza kuwa kimya, na bibi yake akashukuru Mungu kwamba leo kifua kimetulia. Mimi huyo aliyenyamaza ndiye anayenitia hofu.

Kinachotuambia habari ya mapafu ni kasi ya pumzi na jinsi kifua kinavyokwenda. Vyote viwili havionekani juu ya sweta, kofia ya sufu na leso mbili. Mvue. Ndiyo, hata kama upepo wa kusi unavuma.

Mtoto awe ametulia: halii, hanyonyi. Akiwa amelala, mwache alale. Tazama tumbo na kifua, achana na pua. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Weka saa ya simu, uhesabu dakika nzima. Nasisitiza nzima, maana hata wenzangu wa kazi huhesabu sekunde 15 wakazidisha kwa nne. Mtoto mdogo hapumui sawasawa. Ataharakisha, atasita, ataharakisha tena. Ukikosea pumzi mbili ndani ya sekunde 15, umeshakosea nane kwa dakika, na nane zinatosha kumpa dawa asiyeihitaji au kumrudisha nyumbani mgonjwa.

Mipaka ni hii; akifika hapo au kuzidi, anapumua haraka. Chini ya miezi miwili: pumzi 60 au zaidi, rudia kuhesabu, na ikiwa bado 60, hospitali moja kwa moja. Kuanzia miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka: 50. Kuanzia mwaka hadi kabla ya mitano: 40. Homa nayo hupandisha hesabu, kwa hiyo wapo wanaoishusha kwanza ndipo wahesabu upya. Sioni ubaya, mradi kifua hakibonyei.

Na hapa kwenye kubonyea ndipo watu wanaponichosha. Sisemi kishimo cha shingoni, wala ngozi katikati ya mbavu kutikisika, wala tumbo kupanda. Tumbo la mtoto hupanda, ndivyo anavyopumua. Tazama pale mbavu za chini zinapoishia, juu tu ya tumbo. Kwa kawaida akivuta pumzi, kifua na tumbo hutoka nje pamoja. Mwenye shida, tumbo linatoka na ile sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani. Iwe hivyo kila pumzi, naye ametulia. Ikiwa ni wakati wa kulia au kunyonya tu, haihesabiwi. Huoni vizuri? Mlaze chali mapajani mwa mama, chini ya mwanga, uangalie kwa upande.

Akipiga mluzi anapotoa pumzi, usikimbilie antibiotiki. Apewe salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, ya kuvuta kupitia kifaa cha kati kati ya dawa na mdomo, hata cha chupa ya plastiki, asubiri dakika 15, ahesabiwe tena. Hata mara tatu. Wengi kasi hushuka, na ile "nimonia" ikatoweka.

Sasa lawama za feni na sakafu ya marumaru, eti baridi yake ndiyo inayoleta nimonia. Nimonia huletwa na vijidudu: bakteria, hasa nyumokokasi, na virusi. Kirusi cha RSV, kinachosumbua sana vifua vya watoto, huku Pwani msimu wake huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea kwenye kaskazi, jasho likitutoka. Zimeni jiko la makaa ndani ya chumba kabla ya kuzima feni. Na angalieni kitabu cha kliniki kama chanjo ya nyumokokasi, inayotolewa Kenya tangu 2011, ameipata wiki ya 6, ya 10 na ya 14.

Nakiri, hesabu yenyewe ina mashaka. Watu wawili wakihesabu mtoto mmoja, huyu atapata 48 na yule 52. Mapafu ni yaleyale, lakini mmoja anaandika dawa na mwingine haandiki. Tena wengi wanaopumua haraka bila kubonyea kifua wana virusi tu. Utafiti wa Karachi uliochapishwa 2020 uliwalinganisha watoto wa namna hiyo: matibabu yalishindwa kwa asilimia 4.9 ya waliopewa dawa bandia ya majaribio, isiyo na tiba ndani, na asilimia 2.6 ya waliopewa antibiotiki ya amoksilini. Yaani dawa inasaidia, ila wengi mno wanaimeza bure. Mimi bado naiandika, kwa sababu kwa macho sijui nani yumo kwenye hao wachache. Vidonge vya miligramu 250 vya kuyeyusha, kwa uzito, asubuhi na jioni, siku 5, na siku ya tatu nimwone tena. Ile nusu chupa iliyobaki ya mtoto wa jirani, mwageni.

Homa na kikohozi pamoja? Apimwe malaria pia. Ikionekana, bado hesabu pumzi. Moja haimfukuzi mwenziwe.

Hasiti mtu haya yakitokea: hanyonyi wala kunywa, anatapika kila kitu, degedege (hata kama nyumbani wameshasema ni nyuni, yaani pepo wa watoto), amelegea haamki, midomo ya buluu, au anakwaruza akivuta pumzi naye ametulia. Usiku huohuo. Walio Likoni, ng'ambo ya kivuko cha Mombasa, wahesabu na muda wa kuvuka feri.

Wa kamasi tu: matone ya maji ya chumvi puani kabla ya kunyonya, maziwa ya mama mara nyingi, dawa za kikohozi za chupa ziacheni dukani, na asali asionjeshwe kabla ya mwaka. Kikohozi kikipita siku 14 mrudisheni, tuangalie kifua kikuu na pumu.