Sukari imekuwa stori ya kila siku, nifanyeje?

Swali: Nina kisukari mwaka wa pili sasa, waifu analalamika siongei kitu kingine, juzi kwenye harusi Sinza nikajikuta nawasimulia wakwe vipimo vyangu. Nimechanganyikiwa au?

Jibu: Hujachanganyikiwa ndugu yangu, umeogopa tu. Umeambiwa una kitu utakachoishi nacho, lazima akili ing'ang'anie hapo hapo. Ila sasa ukiwa na wasiwasi kutwa nzima mwili unatoa homoni za stresi, adrenalini na kortiso, na hizo zinaliamsha ini limwage sukari kwenye damu, yaani unaiogopa isipande na huo uoga wenyewe unaipandisha, si balaa hilo!

Swali: Nisipoiwaza si nitasahau dawa?

Jibu: Aah, anayesahau ni yule asiye na ratiba. Mimi sukari ninayo mwaka wa 9 huu na nimeipa zamu yake kama mlinzi: asubuhi napima, naandika kwenye kidaftari, chai na kitafunwa, kidonge changu cha sukari, metformini, juu yake (tumbo tupu ilishanikoroga, sirudii), usiku nikioga nakagua nyayo kama kuna kidonda. Baada ya hapo ni Simba na Yanga na kazi. Kupima kila ukipata nafasi wakati daktari hajakuambia ni kumaliza stripu za kupimia bure na zenyewe bei unaijua, namba za siku moja hupanda na kushuka, ukitaka kujua mwenendo wako kuna kipimo cha HbA1c, kinaonyesha miezi kama 3 iliyopita.

Ukiona unatetemeka, jasho linakutoka ghafla, njaa ya ajabu, huenda sukari imeshuka mno, hapo pima. Ikiwa chini ya 4 (kwa mashine inayosoma mmol/L) kunywa nusu chupa ya soda ya kawaida, siyo zile zisizo na sukari, halafu pima tena baada ya dakika 15.

Swali: Na shangazi anayepiga simu kila siku kutoka Mbagala kuulizia sukari? Na kila simu ana mzizi mpya wa Kariakoo.

Jibu: Hahaha, kila ukoo una huyo shangazi. Mwambie "shikamoo shangazi, namshukuru Mungu, dawa nakunywa," halafu muulize kikoba chao kimefikia wapi, utaona sukari imesahaulika. Mzizi usinywe. Tafuta mtu mmoja wa kummwagia yote, awe waifu au rafiki mwenye sukari mnayekutana kliniki, wengine wape kifupi.

Swali: Nimejaribu ila mawazo hayaishi.

Jibu: Kama ni wiki 2 sasa hulali vizuri, chakula hakipiti, hata mpira huna hamu nao, inaweza kuwa sonona, nayo huwapata sana wenye kisukari kuliko wengine. Inatibika, mwambie daktari wa kliniki kama unavyomwambia miguu inakufa ganzi. Na ukianza kuwaza kujidhuru, usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, mwambie waifu akupeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku.