Si Kila Difu Inafaa Dizeli: Dhana Potofu Kuhusu Kubadili Injini ya Pikapu ya Zamani

Katika kazi yangu ya kubadili injini za pikapu za zamani, hakuna sentensi ninayoisikia mara nyingi kama hii: "Dizeli ina nguvu, itavuta tu." Huitamka mteja ambaye amekwisha kununua injini, ameileta ikiwa imefungwa kamba nyuma ya gari lingine, na sasa anataka kujua zitahitajika siku ngapi kuiweka mahali palipokuwa na injini ya petroli, ili gari lake lianze kupita njia za mbali zisizo na lami. Nikimwuliza difu yake (gia za mhimili zinazopokea mzunguko wa propela, ile shafti ndefu itokayo kwenye giaboksi, na kuupeleka kwenye magurudumu) ina uwiano gani, yaani propela huzunguka mara ngapi magurudumu yakizunguka mara moja, hajui. Nikimwuliza gavana ya injini hiyo, kifaa kinachoizuia isizunguke kupita kiasi, imewekwa kwenye mizunguko mingapi kwa dakika, hajui pia, na mara nyingi huniona kuwa fundi anayetafuta kazi ya ziada. Nimelieleza jambo hili kwa mteja mmoja mmoja kwa miaka mingi, na sasa naliandika.

"Dizeli ina nguvu, itavuta difu yoyote"

Kinachowapotosha watu ni kwamba msokoto mkubwa wa dizeli, ule ambao mafundi tunauita toki, ni wa kweli. Chukua mfano wa Cummins 4BT, injini ya lita 3.9 yenye silinda 4 na turbo, ambayo wengi huitoa kwenye magari ya zamani ya kusambazia mikate na vifurushi. Katika toleo lake la kawaida la nguvu ya farasi 105, injini hii hutoa takriban Niutoni-mita 359 ikiwa kwenye mizunguko 1,700 hivi kwa dakika. Mtu akisoma tarakimu hiyo ya msokoto huona injini inayoweza kung'oa kisiki, na hasomi tarakimu nyingine, ambayo ndiyo muhimu kuliko zote kwa mtu anayebadili injini: gavana ya 4BT mara nyingi huwekwa karibu na mizunguko 2,500. Injini ya petroli inayotolewa huenda ilikuwa ikizunguka hadi 4,000 bila kulalamika, na difu ya pikapu ilichaguliwa kiwandani kwa ajili ya mwendo huo.

Tufanye hesabu. Tairi lenye kipenyo cha inchi 31 lina mzingo wa mita 2.47 hivi, kwa hiyo gari likienda kilomita 100 kwa saa, tairi huzunguka karibu mara 675 kwa dakika. Kwa difu ya 4.11, ambayo ni ya kawaida sana kwenye pikapu za zamani, na gia ya juu isiyoongeza wala kupunguza kitu, injini italazimika kuzunguka mara 2,770 kwa dakika. Gavana ya 2,500 haitaruhusu. Gari hilo litaishia kwenye kilomita 90 kwa saa likiwa limegonga ukomo wake, na hata kwenye kilomita 80 litakuwa linazunguka zaidi ya mara 2,200, huku dereva akitetemeshwa na kuzibwa masikio kwa muda wote wa safari.

Kuna mteja aliyeniletea pikapu iliyokuwa imebadilishwa injini kwingine, akilalamika kwamba dizeli yake "haina nguvu" na kuniomba niongeze mafuta kwenye pampu inayoyasukuma hadi kwenye silinda. Difu ilikuwa ya 4.56 na matairi yalikuwa madogo, ya inchi 28, na kwa mpangilio huo mwendo wa juu kabisa ulioruhusiwa na gavana ulikuwa kama kilomita 73 kwa saa. Injini yake ilikuwa nzima. Kuongeza mafuta kwenye pampu kusingempa hata kilomita moja ya ziada mbele ya ukomo huo. Kungempa moshi mweusi, joto kali la ekzosi na hatimaye pistoni iliyoyeyuka. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu pampu ndiyo mahali pa kwanza ambapo watu hukimbilia na bisibisi, ilhali inapaswa kuwa mahali pa mwisho.

Baada ya kuelewa hayo, mteja husema basi tubadili difu. Hapa ndipo mimi na mafundi wengi tunapotofautiana. Ukiweka difu ya 3.07 badala ya 4.11, injini itashuka hadi mizunguko 2,070 kwenye kilomita 100 kwa saa, na barabarani utafurahi. Lakini pikapu hii haibadilishwi kwa ajili ya barabara ya lami, inabadilishwa kwa ajili ya mawe, mchanga na mito iliyokauka. Tuseme gia yake ya kwanza ni 4.0 na gia nzito ya forwili ni 2.0. Kwa difu ya 4.11, jumla ya uwiano katika mwendo wa kutambaa ni karibu 33, na injini ikizunguka mara 800 gari litakwenda kilomita 3.6 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea polepole. Kwa difu ya 3.07, jumla hiyo hushuka hadi chini ya 25 na gari litakwenda kilomita 4.8 kwa saa kwa mizunguko ileile. Tofauti hiyo yaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwenye mteremko wa mawe yaliyolegea ndiyo tofauti kati ya kushuka ukiwa umeliachia gari lijiendeshe na kushuka ukiwa umekanyaga breki na klachi kwa zamu. Zaidi ya hayo, gari la forwili lina difu mbili, na zote mbili lazima ziwe na uwiano mmoja, kwa hiyo gharama huzidishwa mara mbili.

Ushauri wangu, na sijawahi kuujutia, ni kuacha difu kama zilivyo na kutafuta giaboksi yenye gia ya tano ya mwendo kasi, yenye uwiano wa 0.75 au karibu na hapo. Zidisha 0.75 kwa 4.11 upate 3.08, yaani barabarani unapata karibu kilekile ambacho difu mpya ingekupa, huku mwendo wako wa kutambaa ukibaki vilevile. Giaboksi hiyo lazima iweze kubeba msokoto wa injini mpya, pamoja na klachi yake, na hapo pia dhana ya "itavuta tu" huleta hasara kwa upande wa pili. Niutoni-mita 359 zikizidishwa mara 33 hukaribia 11,800 kabla ya upotevu wowote, mzigo ambao mhimili wa nyuma uliotengenezwa kwa ajili ya petroli dhaifu haukuwahi kuandaliwa kuubeba. Anayekanyaga mafuta mpaka mwisho kwenye gia nzito, tairi moja likiwa limenasa kati ya mawe, atakata shafti ya gurudumu mbali kabisa na msaada.

Kama hujui uwiano wa difu yako, huhitaji kumwuliza mtu. Weka giaboksi huru, zuia magurudumu ya mhimili wa mbele, kisha inua tairi moja la nyuma kwa jeki na kuacha lingine chini. Tia alama ya chokaa kwenye propela na kwenye tairi lililoinuliwa, halafu lizungushe tairi hilo mara mbili kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela. Mizunguko minne na kipande kidogo ni 4.11, minne na nusu ni 4.56. Ni mara mbili, wala si mara moja, kwa sababu kwenye difu ya kawaida tairi moja likiwa limesimama, lingine huizungusha propela kwa nusu tu. Fanya kipimo hiki kabla ya kununua injini.

"Dizeli ina kompresheni kubwa, hivyo itashikilia gari mteremkoni"

Dhana hii ni ya pili kwa kunikera, na ni ya hatari zaidi kuliko ya kwanza. Injini ya petroli hushikilia gari kwa sababu ukiachia mafuta kilango cha hewa hufungwa, na pistoni hufanya kazi ya kuvuta dhidi ya ombwe. Dizeli nyingi za zamani hazina kilango hicho. Hewa huingia bila kizuizi, hubanwa, kisha huisukuma pistoni irudi chini kama springi iliyoachiwa, na kiasi kikubwa cha kazi uliyoifanya kuibana hurudishwa kwenye krenkishafti. Kinachobaki cha kukushikilia ni msuguano wa vyuma vizito na hewa inayopotea. Malori hayafungiwi breki ya ekzosi kwa ajili ya pambo; hufungiwa kwa sababu dizeli peke yake haitoshi. Hii ni sababu nyingine ya kulinda uwiano wako wa kutambaa.

Kutokuwapo kwa kilango cha hewa kuna matokeo mengine ambayo watu huyagundua wakiwa wamekwisha kuondoka karakana. Busta ya breki ya pikapu yako, kifaa kinacholainisha kanyagio, kama inayo, ilikuwa ikipata ombwe kutoka kwenye manifodi (mabomba ya kuingizia hewa) ya petroli. Manifodi ya dizeli haina ombwe la maana, na yenye turbo hujaa shinikizo badala yake. Bila pampu ya ombwe, kanyagio litakuwa gumu kama jiwe, ilhali sehemu ya mbele ya gari imeongezewa uzito. Dizeli nyingi za Japani hubeba pampu hiyo nyuma ya alteneta, kwa hiyo usikubali kuuziwa injini iliyonyang'anywa alteneta yake ukidhani utafunga yoyote.

"Haina plagi wala koili, hivyo inapita mtoni popote"

Ni kweli kwamba maji hayawezi kuzima cheche ambayo haipo, na ndiyo maana naipenda dizeli ya pampu ya kimakanika kwa safari za mbali. Lakini injini inavuta hewa, na maji yakiingia kwa njia ya hewa, dizeli huumia kuliko petroli. Silinda moja ya 4BT ina ujazo wa sentimita za ujazo 980 hivi, na kwa kompresheni ya takriban 17 kwa 1, nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu ni kama sentimita 60 tu. Injini ya petroli ya ujazo uleule yenye kompresheni ya 8 kwa 1 ingekuwa na nafasi ya 140. Maji hayabanwi. Yakizidi vijiko vichache vya chakula ndani ya silinda, konrodi hupinda, na injini iliyopaswa kukurudisha nyumbani inakuwa mzigo wa chuma. Inua mdomo wa kuvutia hewa, kaza kila kiungo cha mpira kati yake na turbo, na ikitokea injini imezima majini, usijaribu kuiwasha hadi utoe nozeli na kuizungusha iyateme maji.

Mengine yanayojirudia

Wapo wanaoamini kwamba dizeli italipa gharama zake kwa mafuta itakayookoa. Dizeli hula kidogo, hilo halina ubishi, lakini pikapu ya zamani inayosafiri mara chache kwa mwaka haiwezi kurudisha gharama ya injini, giaboksi, fremu ya kushikilia injini na saa za fundi. Faida halisi ni umbali: ikiwa tanki ni la lita 80 na ulaji ukashuka kutoka lita 15 hadi 11 kwa kila kilomita 100, safari bila kujaza tena hupanda kutoka kilomita 533 hadi 727, na kwa anayekwenda mahali pasipo na kituo cha mafuta hilo linatosha kuwa sababu.

Uzito nao hauishii kwenye springi. 4BT kavu ina takriban kilo 340, na haina shafti za kusawazisha mtetemo, kwa hiyo fremu ya miongo mingi iliyopita itapasuka kwenye riveti kama mauntini (vishikizo vya injini) zimechomelewa moja kwa moja bila mpira wa kufaa. Kabla ya injini kuingia, fremu isafishwe hadi chuma kionekane, na nyufa zitafutwe kwa macho na kwa nyundo.

Tanki la petroli linaweza kutumika, lakini si kama lilivyo. Dizeli nyingi hurudisha mafuta ya ziada kwenye tanki, kwa hiyo bomba la pili ni lazima. Tanki lililopakwa zinki ndani halifai, kwa kuwa zinki na dizeli huzaa uchafu unaoziba filta. Weka pia kichujio cha kutenganisha maji mahali unapoweza kukifikia bila kulala chini ya gari.

Kuna injini za dizeli zinazokuja na stata ya volti 24. Pikapu yako ni ya volti 12. Angalia kibandiko kabla ya kulipa.

Kuzima ufunguo hakuzimi dizeli ya kimakanika isipokuwa umefunga solenoidi ya kukata mafuta. Hata hiyo haitasaidia ikiwa turbo imepasuka sili na injini inaunguza oili yake yenyewe. Hapo kitakachoizima ni kuzibwa hewa tu, na kwa sababu hiyo kila gari linalotoka mikononi mwangu lina kilango cha dharura kwenye bomba la hewa, chenye waya unaovutwa kutoka kwenye dashibodi.

Mwisho ni saa ya mizunguko. Ile ya zamani ilisoma mapigo ya koili, na sasa hakuna koili. Tafuta saa inayosoma kutoka kwenye nguzo ya W ya alteneta, uirekebishe kulingana na ukubwa wa puli, na uifunge siku ileile injini inapowashwa, kwa sababu bila saa hiyo hesabu zote za difu nilizoandika hapo juu utazifuata kwa kukisia sauti.