Sabuni, kwapa, uso na pedi: nini umnunulie binti wa miaka 9 hadi 12

Binti wa umri huu anahitaji vitu vinne: sabuni isiyokausha ngozi, kitu cha kwapa, losheni nyepesi, na pedi zilizowekwa kabatini kabla hazijahitajika. Vingine ninavyoulizwa dukani hapa Malindi, iwe tona, seramu, krimu ya kung'arisha au sabuni ya sehemu za siri, ama havimfai kitu ama humletea maradhi ambayo hakuwa nayo.

Maji kwanza

Maji ya mfereji ya Malindi hutoka Baricho, kando ya Mto Sabaki. Lakini nyumba nyingi huoga maji ya kisima, na visiwani Lamu ndiyo zaidi, na mengi yake yana chumvi na chokaa. Sabuni ya kipande ikikutana na chokaa haitoi povu. Hutoa utando mweupe unaoganda kwenye ndoo, na huohuo huganda mwilini. Mtoto hudhani hajatakata, akajisugua zaidi, akapaka sabuni tena. Matokeo yake ni miguu iliyopauka na mwasho usiokwisha, na mama huja kuniomba dawa ya fangasi.

Sabuni ya kawaida ina pH (kipimo cha uchachu na ukali wa magadi) ya 9 hadi 10, na ngozi yenyewe iko karibu na 5. Sabuni ya mche ya kufulia ni kali kupita hiyo, basi iachwe ifue nguo. Geuza pakiti usome viungo. Ukiona sodium palmate au sodium tallowate mwanzoni, hiyo ni sabuni halisi. Ukiona sodium cocoyl isethionate, hiyo ni ya aina laini, na hata kwenye maji ya chokaa haigandi utando. Bei yake iko juu, nakubali. Kama mfuko hauruhusu, tumia ya kawaida isiyo na manukato kwapani, kinenani kwa nje na miguuni tu. Kwingine maji yanatosha siku nyingi. Halafu mwache amalizie kwa kata mbili tatu za maji ya mfereji au ya mvua kutoka jabia, yaondoe utando. Losheni ipakwe ngozi ikiwa bado na unyevu, ndani ya dakika tatu hivi.

Sabuni zenye dawa ya kuua viini sizipendekezi kwa kuoga kila siku. Mwaka 2016 Marekani iliondoa sokoni sabuni za kunawia zenye triclosan na viungo vingine 18, kwa sababu watengenezaji hawakuweza kuonyesha kwamba zinashinda sabuni na maji.

Dodoki liwe lake peke yake, lisuuzwe, lianikwe juani. Dodoki linaloshinda bafuni likiwa bichi huzaa bakteria, kisha mnashangaa vipele vya mgongoni vimetoka wapi.

Kwapa

Kwa kawaida msichana huanza kubalehe kati ya miaka 8 na 13. Tezi za jasho za kwapani na kinenani, zilizokuwa zimelala, huamka. Jasho lake lina mafuta na protini na lenyewe halinuki. Harufu huja bakteria wa ngozini wakishalila. Ndiyo maana utaratibu haubadiliki: osha, kausha kabisa kwa taulo, ndipo upake. Ukipaka juu ya jasho la tangu asubuhi utapata harufu mbili badala ya moja.

Madukani hupanga pamoja bidhaa mbili tofauti. Diodoranti hupunguza bakteria na kufunika harufu. Ile ya kuzuia jasho ina chumvi za alumini, ambazo huziba vijitundu vya jasho kwa muda. Hii ya kuzuia jasho hupakwa usiku, kwapa likiwa kavu, kwa sababu mchana jasho huisukuma nje kabla haijashika. Mwanzishe kwa diodoranti ya roloni isiyo na spiriti. Ya kupuliza usimnunulie mwenye pumu. Ile ya kuzuia jasho ngojea mpaka sare ya shule iwe inalowa kweli, si kunuka tu. Na sare zenyewe, hasa za poliesta, zifuliwe zikiwa zimegeuzwa ndani nje na kusuguliwa pindo la kwapa, la sivyo harufu inabaki kwenye kitambaa na mtoto analaumiwa bure.

Shabu ya sokoni inafanya kazi. Lowesha kipande, pitisha kwapani mara tano sita, acha ikauke. Kwa pesa yake hakuna kinachoifikia. Wanaokimbia alumini wajue kwamba shabu nayo ni chumvi ya alumini. Hofu ya saratani inayosambazwa kwenye simu haijathibitishwa. Kwapa likiwa limenyolewa leo, shabu na roloni zote zisubiri kesho.

Ndimu naipinga. Harufu inapungua, ni kweli, kwa sababu ya uchachu wake. Ila maji ya ndimu yana kemikali zinazowaka zikipigwa na jua: yakichuruzika mkononi au shingoni na mtoto akatoka mchana, siku mbili baadaye utaona malengelenge, kisha doa jeusi la wiki kadhaa.

Harufu ya kikubwa ikianza kabla ya miaka 8, hasa pamoja na nywele za kinena au matiti kuchomoza, usinunue chochote. Mpeleke kwa daktari.

Uso, na mafuta ya nywele

Chunusi za mwanzo hutokea kwenye paji la uso na puani: vipele vidogo, vyeusi au vya rangi ya ngozi, visivyo na usaha. Kabla ya kutafuta dawa, uliza nywele zinapakwa nini. Mafuta ya nazi na mazito mengine ya nywele hushuka na jasho, na wakati wa Kaskazi hushuka kwa wingi. Chini ya hijabu huganda pajini kutwa nzima na kuziba vinyweleo. Paka mafuta katikati na ncha za nywele, si kwenye ukingo wa uso, na kofia ya ndani ya hijabu ifuliwe kila siku. Mara nyingi hilo peke yake humaliza kazi katika mwezi mmoja na nusu hivi. Mafuta ya nazi miguuni hayana neno. Usoni kwa mtoto anayeanza chunusi, hapana.

Zisipopungua, jeli ya benzoyl peroxide ya asilimia 2.5. Ya asilimia 10 haiponyi zaidi, inachubua zaidi. Kiasi cha punje moja ya kunde kwa uso mzima, si doadoa juu ya kila kipele, usiku mmoja na kuacha mmoja kwa wiki mbili za mwanzo. Ngojea wiki 6 hadi 8 kabla ya kuhukumu. Huondoa rangi ya nguo: foronya iwe nyeupe, na leso nzuri isikaribie.

Seramu za retinoli, asidi za kuchubua na vitamini C huuzwa hasa kwa ngozi inayozeeka. Mtoto wa miaka 11 hana mikunjo ya kuondoa, hata kama msichana wa TikTok anavipaka vyote kwa mpigo.

Krimu za kung'arisha ndizo zinazonitia hofu. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Kenya, lakini bado zinapatikana, na mikorogo mingine ina steroidi kali kama clobetasol. Wiki ya kwanza uso hung'aa na chunusi hukauka, hapo ndipo mama anapoamini. Kisha ngozi hukonda, mishipa huonekana, chunusi hurudi maradufu, na ukiacha uso huwaka moto. Zebaki huharibu figo. Iepuke krimu isiyo na orodha ya viungo, au iliyoandikwa calomel, mercurous au mercurio, au inayokuonya usiiguse kwa pete ya dhahabu au fedha. Alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, nayo ikaguliwe: tuma SM# na namba ya kibali kwenda 20023, ujibiwe ni bidhaa gani na ya nani. Alama peke yake yeyote anaweza kuichapisha.

Na piko, ile hina nyeusi, kwa kuwa Idi na harusi hazipiti bila hiyo. Hina safi hutoa rangi ya machungwa ikaiva kuwa kahawia, na hutaka saa kadhaa. Weusi wa nusu saa unatokana na rangi ya nywele yenye kemikali ya PPD, ambayo Ulaya hairuhusiwi kupakwa ngozini hata kidogo. Malengelenge yanaweza kuchelewa siku kadhaa, na mzio ukishaingia haumtoki. Mwenye miaka 10 apakwe hina tu. Maua ni yaleyale.

Chini, na pedi

Kabla ya kuvunja ungo, ngozi ya uke ni nyembamba na haina kinga ya asidi aliyo nayo mtu mzima. Sabuni yenye manukato, dawa ya kuua viini kwenye ndoo, poda: vyote huwasha. Maji matupu, kwa nje tu, kutoka mbele kwenda nyuma, na baada ya kutawadha akaushe kabla ya kuvaa. Uturi uende kwenye nguo, na udi vilevile. Ute mweupe au usio na rangi, bila mwasho, kwa miezi kadhaa kabla ya hedhi ya kwanza ni kawaida. Wa kijani, wenye harufu mbaya au damu kabla ya wakati, hospitali.

Hedhi huja yapata miaka miwili hadi miwili na nusu baada ya matiti kuanza. Hesabu kutoka hapo, na mama, shangazi au somo (kungwi) wake azungumze naye mapema. Nunua pedi fupi zenye mabawa, zisizo na manukato. Ndefu za usiku humvukuta mtoto mwembamba na kujikunja. Zibadilishwe kila saa 4 hadi 6 hata kama hazijajaa. Begi la shule likae na mbili, chupi moja na mfuko mdogo. Kenya iliondoa ushuru wa VAT kwenye pedi mwaka 2004, na sheria ya 2017 inawapa wasichana wa shule za umma pedi bila malipo, kwa hivyo uliza shuleni.

Za kitambaa ni nzuri ikiwa maji yapo. Loweka kwa maji baridi kwanza, kwa kuwa ya moto huigandisha damu kwenye nyuzi; fua kwa sabuni, suuza mpaka maji yawe meupe, anika juani. Akiona haya, funika kwa leso nyepesi, lakini usimruhusu akaushe chini ya kitanda. Pedi ikijaa chini ya saa mbili mfululizo, au hedhi ikipita siku 7, aonwe na daktari.