Mpiga picha wa habari za machafuko ni nani?

Ni mwandishi wa habari anayefanya kazi kwa kamera pale siasa inapogeuka umwagaji damu: mapinduzi, vita vya wenyewe kwa wenyewe, ghasia za uchaguzi, maandamano yanayojibiwa kwa risasi. Hachukui amri kwa kamanda kama mpiga picha wa jeshi, na halipwi na chama chochote.

Kinachomtofautisha na mwandishi wa kalamu ni ukaribu. Wa kalamu anaweza kufika jioni, akawahoji walionusurika, na habari ikakamilika. Wa kamera akichelewa dakika tano hana kitu. Ndiyo maana huwa anakimbilia kule wenzake wanakotoka mbio.

Tarehe 12 Julai 1993, helikopta za Marekani zilishambulia nyumba mjini Mogadishu walimokuwa wamekutana wafuasi wa Jenerali Aidid, kiongozi wa wanamgambo wa Kisomali. Waandishi walikwenda kupiga picha za maafa hayo. Umati wenye hasira uliwageukia, na wanne wakauawa: Hos Maina na Anthony Macharia, Wakenya wote wawili, pamoja na Dan Eldon na Hansi Krauss. Hawakuwa wamerusha bomu lolote, lakini kwa watu waliotoka kuokota maiti za ndugu zao, mgeni mwenye vifaa alikuwa mgeni tu.

Kamera yenyewe nayo humponza mwenyewe. Mjini Baghdad mwaka 2007, Namir Noor-Eldeen wa shirika la habari la Reuters aliuawa na helikopta ya Marekani baada ya wanajeshi waliokuwa ndani yake kuidhani kamera yake kuwa silaha. Saeed Chmagh, mwenzake wa shirika hilohilo, alikufa katika shambulio hilo.

Je, sheria haimlindi? Itifaki ya Kwanza ya 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva inayoweka sheria za vita, inamhesabu mwandishi kuwa raia asiyepaswa kushambuliwa. Lakini hiyo ni ya vita kati ya mataifa. Ghasia za siasa nchini hazina mstari wa mbele, na anayerusha bomu la machozi mara nyingi ni askari wa nchi yako mwenyewe. Daudi Mwangosi wa kituo cha televisheni cha Channel Ten aliuawa hivyo kijijini Nyololo, Iringa, Tanzania, tarehe 2 Septemba 2012, akifuatilia shughuli za chama cha upinzani cha Chadema. Picha zilizopigwa na wenzake zilionyesha askari wakiwa wamemzunguka. Mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia.

Jambo ambalo watazamaji wengi hawalifikirii ni maelezo yanayoandikwa chini ya picha. Kijana ameshika panga barabarani: anashambulia au analinda mtaa wake? Picha haisemi. Katika ghasia za Kenya za 2007 na 2008, vyombo vingi vya habari viliepuka kutaja makabila ya waliopigwa picha, visije vikachochea kisasi. Wapo walioona huko ni kuficha ukweli. Mimi naona uamuzi ulikuwa wa busara kwa wiki zile, ila si kwa miaka iliyofuata. Boniface Mwangi, aliyepiga picha za ghasia zile, baadaye alizipeleka barabarani kwa maonyesho ya Picha Mtaani, yaliyozunguka miji ya Kenya ili wananchi wajionee waliyotendeana.

Halafu kuna tofauti ambayo malipo hayaizingatii ipasavyo. Mpiga picha wa kigeni, kazi ikiisha, hupanda ndege. Mwenyeji hubaki mtaani, na waliomo kwenye picha zake wanajua anapoishi.